Redio Iliyofia Thika

Asubuhi hiyo ya Alhamisi Waithira alivaa gauni lake la maua ya buluu, lile la kanisani, na mama yake akaliona kabla hajaufikia mlango.

"Hilo ni la Jumapili," Wamboi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichagua. "Unaenda kwa fundi wa redio ama unaenda kuimba kwaya?"

"Lile lingine halijakauka, mama."

Halijakauka wapi. Lile lingine lilikuwa limekunjwa kitandani, kavu kabisa, na Wamboi angeingia chumbani wakati wowote angelikuta. Lakini msichana ambaye moyo wake umeshatangulia Thika hapati nafasi ya kupanga uongo vizuri. Waithira alisimama pale mlangoni na viatu vyake vilivyopakwa rangi, akimwomba Mungu baba yake apige honi upesi.

"Kaa chini kidogo."

"Baba ananingoja."

"Atangoja. Mimi nimemngoja miaka yote hii na sijafa." Wamboi alisukuma ungo kando. "Leo ndiyo mwisho wa hiyo redio yenu. Nimechoka. Githinji ana redio mpya ya gari pale dukani kwake, imetoka Nairobi juzi, iko ndani ya kasha haijaguswa. Amesema baba yako aichukue tu. Zawadi."

"Si zawadi, mama."

"Ni nini basi?"

Wote wawili walijua ni nini. Ruiru ya mwaka ule wa hamsini na nane ilikuwa ndogo, na habari za watu zilifika sokoni kabla ya wenyewe. Baba yake Githinji alikuwa ametuma neno kwamba Jumamosi ya wiki ijayo wazee wake wangependa kufika kwa Mzee Muigai kuongea. Mzee Muigai alikuwa hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Alisema anafikiria. Sasa mtu mwenye binti mkubwa akipokea redio kutoka kwa kijana, akaifunga kwenye gari lake, majirani wakaja kuisikiliza, halafu wazee wa kijana huyo wakafika na fimbo zao, atawajibu nini? Atakuwa ameshajibu kwa redio.

Na Githinji mwenyewe hakuwa na ubaya, tusimsingizie. Alikuwa kijana msafi, mwenye duka la baiskeli na redio, hanywi, hapigani, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Ila katika muda wote aliokuwa akimtazama Waithira kanisani hakuwahi kumuuliza hata kama amelala vizuri. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama ploti aliyokwisha kuiulizia bei.

"Na huyo fundi ni Mkamba," Wamboi alisema ghafla.

"Nani amesema kitu juu ya fundi?"

"Gauni limesema." Mama akashusha sauti. "Waithira, sina neno na Wakamba. Lakini hatuna mtu huko. Ukiugua, ukionewa, nitaambiwa na nani? Githinji akikukosea, mimi navuka barabara tu, naingia pale dukani na mwiko mkononi."

Hilo lilimchoma Waithira, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hapo honi ikalia, akatoka.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani kibichi, mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa waya. Mzee Muigai, mwenye bucha pale Ruiru, alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na ukimuuliza kwa nini alilinunua hatakuambia habari za injini. Atakuambia redio. Jioni akifunga bucha alilileta gari uani, akafungua milango, akaiwasha. Majirani walikuja na vigoda vyao. Walisikiliza habari, wakasikiliza kipindi cha salamu, wakabishana na mtangazaji kana kwamba anawasikia. Asubuhi betri ilikuwa imekwisha na majirani walewale walilisukuma gari mpaka barabarani, na hakuna aliyelalamika. Siku moja Waithira aliandika kadi akaipeleka posta kwa siri, na wiki iliyofuata mtangazaji akalisoma jina la Muigai wa Ruiru mbele ya Kenya nzima. Mzee alisimama pale uani, akavua kofia. Wamboi mwenyewe alilia, ingawa baadaye alisema ni moshi.

Halafu redio ikaanza ugonjwa. Gari likiwa limesimama, inaongea. Gari likitembea, inakoroma, inapiga kelele, inanyamaza. Fundi wa Thika akasema ugonjwa wa aina hiyo hauonekani mezani, ni lazima mtu apande gari asikilize likiwa njiani. Basi Mzee Muigai aliendesha, fundi akakaa kando yake ameinamisha sikio, na Waithira akakaa nyuma kufasiri, kwa maana baba yake Kiswahili chake kilikuwa cha bucha: nyama, mfupa, kesho, hakuna. Fundi naye Kikuyu kilimshinda. Walipita Juja na mikonge yake, wakageuka, wakarudi, na kila baada ya muda fundi alimuuliza msichana wa nyuma, "Wewe umesikia nini?" Hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza Waithira amesikia nini. Safari ya kwanza alijibu habari za redio. Safari zilizofuata walianza kuongea mengine, palepale garini, kwa sauti ileile ya kuongea juu ya nyaya, na mzee akiendesha macho yake barabarani. Ndivyo walivyopendana. Wengine hupendana mtoni au kwenye harusi za watu. Hawa walipendana mbele ya baba mtu, mchana kweupe.

Wiki hii redio ilikuwa imenyamaza kabisa, na jioni ya juzi ilitoa moshi.

"Maitu," baba yake alisema walipokuwa wakiikaribia Thika. Alimwita hivyo, mama yangu, kwa kuwa Waithira alibeba jina la mama mzazi wa mzee. "Unafikiri itapona?"

"Itapona, baba."

"Mama yako anasema tuweke ile mpya."

"Wewe unasemaje?"

Mzee akabadilisha gia, gari likaguna. "Mimi nasema tusikie fundi."

Karakana ya Mbuvi, huyo fundi, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi, karibu na stesheni. Ukuta mmoja ulikuwa wa redio tupu, nyingine zimefunguliwa mgongo, na kwenye jiko la makaa kulikuwa na chuma cha kulehemia kinachopata moto. Mbuvi alikuwa mrefu, wa maneno machache, vidole vyake vina alama ndogondogo za kuungua. Kazi aliijifunza jeshini. Alimsalimia mzee kwa heshima, akamwekea kiti, kisha akaenda kuifungua redio kutoka garini akairudisha kwa mikono miwili na kuilaza mezani.

Mzee Muigai akakaa, kofia gotini, macho kwenye kalenda ya ukutani.

Mbuvi alianza kulegeza skrubu. Hakumtazama Waithira. "Umependeza leo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia betri.

Waithira alisikia uso wake ukipata joto.

"Anasema nini?" baba aliuliza kwa Kikuyu.

"Anauliza kama betri ni mpya."

"Mwambie ni ileile."

"Anasema ni ileile," Waithira akamwambia Mbuvi, na Mbuvi akang'ata mdomo wa chini asicheke.

Aliinua kifuniko. Harufu ya kuungua ikajaa chumba. Akatoa zile valvu za kioo moja moja akazipanga juu ya kitambaa, akachungulia ndani, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa cheusi. Waithira aliutazama uso wake ukibadilika, na kabla hajasema neno moyo wake ulikuwa umeshaanguka.

"Sema," alimwambia.

"Imekufa, Waithira."

"Usiseme hivyo."

"Transfoma imeungua. Niliihofia tangu safari iliyopita, nikatafuta nyingine Nairobi, nikaulizia mpaka kwa mafundi wa jeshi. Hawatengenezi tena. Mwambie mzee atafute redio nyingine."

"Sikiliza kwanza." Aliinama juu ya meza kana kwamba anaonyeshwa waya, na sauti yake akaiweka palepale chini, tambarare. "Githinji ametoa redio mpya. Anampa baba bure. Unaelewa maana yake?"

Mkono wa Mbuvi ukasimama. "Lini?"

"Mama anataka ichukuliwe leo. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wake wanakuja. Baba akishaipokea hiyo redio, mimi nimekwisha. Mbuvi, ifanye iongee. Hata kidogo. Iongee mpaka hiyo Jumamosi ipite, baba apate nguvu ya kuwaambia wangoje."

"Siwezi."

"Unaweza. Uliniambia waya inaweza kuzungushwa kwa mkono."

"Inaweza. Itaongea siku chache, halafu itashika moto. Uani kwenu watoto wa majirani hukaa ndani ya gari hilo, wewe mwenyewe uliniambia. Nitalala vipi?"

Hakuwa amefikiria watoto. Alijiona mdogo kwa kutowafikiria, na kwa sababu alijiona mdogo akakasirika. Ndivyo tulivyo.

"Basi sema tu inaweza kutengenezwa. Bakia nayo hapa. Si lazima uiwashe. Mwambie iko kazini."

"Nimdanganye baba yako?"

"Siku chache."

Mbuvi aliweka bisibisi chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni, akasahau kabisa ile sauti yao ya nyaya. "Nikimdanganya juu ya redio yake, siku nitakayokuja kumwambia habari ya binti yake atanisikiliza kwa sikio gani? Mimi neno langu tu ndilo nililo nalo mbele yake, Waithira. Si mtu wa kwao, sina duka, lugha yake sijui. Nikilipoteza hilo, nitasimama na nini?"

"Utasimama hapahapa na neno lako," alisema Waithira, "na mimi nitakuwa nyuma ya duka la Githinji."

"Anasema nini?" baba aliuliza.

Nje, mabehewa yaligongana stesheni. Waithira alimtazama baba yake, kofia gotini, uso wake umejaa matumaini ya mtoto, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alimfasiria uongo juu ya redio yake mwenyewe.

"Anasema itapona, baba," alisema kwa Kikuyu. "Ila tumwachie mpaka mwisho wa wiki ijayo."

Mzee Muigai akaitikia kwa kichwa polepole. "Itapona."

"Ndiyo."

Mbuvi alikuwa akiwatazama wote wawili. Maneno hakuyaelewa, lakini alikuwa amewapa watu wengi habari za redio zao zilizokufa, na alijua nyuso zao zinavyokuwa. Uso wa mzee haukuwa huo. Akazunguka meza, akasimama mbele ya mzee, akafuta mikono kwenye suruali.

"Waithira, umemwambia nini?"

"Nimemwambia."

"Hukumwambia." Akamgeukia mzee, na kwa Kikuyu cha kuokoteza, kila neno likitoka kwa taabu, akasema, "Baba. Redio. Imekufa. Kabisa."

Waithira alifumba macho. Alitamani sakafu ifunguke.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akajibu Mzee Muigai. Akajibu kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, si kile cha bucha.

"Baba?" Waithira alisema.

"Nini? Mimi nauzia watu nyama Ruiru tangu wewe hujazaliwa. Nauzia Wakamba, nauzia Wajaluo, nauzia Waswahili wa Majengo. Ulifikiri nawauzia kwa ishara?" Mzee akaikung'uta kofia yake. "Mteja akijua unamwelewa, anasifu nyama. Akifikiri huelewi, anamwambia mwenzake ukweli. Nimejua mengi kwa njia hiyo."

"Na garini?" Waithira aliuliza.

"Garini niliendesha."

"Baba, ulisikia..."

"Nilisikia. Nilisikia habari za macho yako, nilisikia habari za sauti yako, mpaka nikataka kuingiza gari kwenye mikonge." Hakucheka, lakini kitu fulani kwenye mdomo wake kilikuwa karibu. Kisha kikaondoka, akabaki mzito. "Na leo nimesikia unamwomba mtu anidanganye. Hilo ndilo sikulipenda, maitu."

Waithira alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu mpaka kwenye maua ya buluu. "Nisamehe, baba. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa ile redio mpya."

Mzee Muigai aliinuka, akaenda mezani, akaitazama redio yake jinsi ilivyolala wazi. Akagusa kile kitufe cha kutafutia stesheni, akakizungusha kidogo huku na huku. Mbuvi alisogea kando kumpa nafasi, kama watu wanavyofanya kwenye kilio.

"Hakuna la kufanya?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna, mzee. Ningekuwa na la kufanya ningelifanya, na unajua kwa nini."

"Ungesema itapona, ungekula pesa zangu miezi mingi."

"Ningekula, ndiyo."

"Na binti yangu angekuja hapa kila wiki."

"Hilo ndilo lililokuwa gumu."

Wakati huo mama mmoja wa hoteli ya jirani aliingia na vikombe vya chai kwenye sinia. Mbuvi alikuwa ameviagiza mzee alipofika, heshima tu ya kawaida, na mambo yaliyofuata yakamsahaulisha. Mama aliweka kikombe kimoja mbele ya Mzee Muigai, akaona nyuso za watu, akatoka upesi.

Mzee alirudi kitini. Akakichukua kile kikombe, mvuke ukipanda, lakini hakukipeleka mdomoni. Akakaa nacho. Mbuvi alifikiri labda sukari ni kidogo, akataka kuuliza, na hapo akaona kwamba Waithira ameacha kulia na amekuwa kimya kabisa, anakitazama kikombe.

"Maitu," mzee alisema. "Chai hii ya huyu kijana. Ninywe?"

Mbuvi hakuelewa, na angeelewa vipi? Lakini kwa watu wa Waithira, wazee wa kijana wakileta kinywaji nyumbani, baba wa msichana haonji mpaka amwite binti yake mbele ya watu wote amuulize: hiki kinywaji, tunywe? Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Kwa wale wa kanisa, kama kina Muigai, imekuwa chai. Msichana akinyamaza, kinakaa kinapoa, na wageni wanajua njia ya kwenda kwao. Swali hilo ndilo Waithira alilokuwa akiliogopa usingizini, aulizwe mbele ya wazee wa Githinji, mama yake akimtazama, majirani mlangoni, na redio yao ikiwa imeshaimba uani. Alijua asingepata nguvu ya kunyamaza. Sasa alikuwa anaulizwa hapa, katikati ya redio zilizofunguliwa mgongo, na hapakuwa na mtu wa kumuogopa isipokuwa yeye mwenyewe.

Alifuta uso kwa kiganja. Alitaka jibu litoke vizuri, lisitetemeke.

"Kunywa, baba," alisema.

"Nimesikia vizuri?"

"Umesikia. Kunywa yote."

Mzee Muigai akanywa. Alikunywa kile kikombe mpaka chini, taratibu, akakiweka kwenye sinia. Kisha akamgeukia Mbuvi, aliyekuwa amesimama pale hajui kama amehukumiwa au ameachiliwa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kangundo, mzee."

"Anatembea?"

"Anatembea vizuri."

"Basi atembee aje Ruiru. Mimi sisemezani na vijana habari hizi." Akavaa kofia. "Na ile redio mpya siipokei. Nitanunua yangu mwenyewe, siku nitakayoweza, na wewe ndiye utakayeifunga. Mpaka siku hiyo watu watakaa kimya uani kwangu. Kimya hakijaua mtu."

Mbuvi alimtazama Waithira na kumuuliza lile swali lake la siku zote, ila safari hii kwa sauti iliyovunjika katikati. "Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia uende Kangundo," alisema Waithira, na kicheko kikachanganyika na machozi yaliyokuwa hayajakwisha.

Walirudi Ruiru na tundu kwenye dashibodi. Mzee aliimba njia nzima, nyimbo za kanisa, vibaya sana.

Lakini furaha ya barabarani haimalizi mambo ya nyumbani. Walipoingia uani, majirani walikuwa wameshaanza kuleta vigoda, wamesikia habari ya redio mpya, na ndani, juu ya meza ya kulia, kasha lilikuwa limekaa. Githinji alilileta mwenyewe mchana, akanywa maji, akasalimia, akaondoka. Wamboi alilifunika kwa kitambaa chake cha kushonwa kwa mkono.

"Rudisha," alisema Mzee Muigai.

"Nirudishe vipi? Mimi nimepokea. Nimesema asante."

"Hukuniuliza."

"Wewe huulizwi, wewe unafikiria. Umefikiria mpaka mtoto anataka kuzeeka." Wamboi alimgeukia binti yake. Aliyaona macho yaliyovimba, akaona pia kwamba kichwa hakikuinama. "Mmefanya nini huko Thika?"

"Nimeulizwa, mama," Waithira alisema. "Baba aliniuliza kama anywe chai. Nilisema anywe."

Wamboi aliketi polepole. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, na kwa muda mrefu akabaki akimtazama mumewe kama mtu aliyeibiwa sokoni. Swali hilo lilikuwa la kuulizwa nyumbani kwake, yeye akiwepo, amevaa vizuri. Waithira alilijua hilo, na lilimuuma.

"Nitairudisha mimi," alisema.

"Wewe? Msichana abebe redio ya kijana barabarani arudishe? Watu watasema nini?"

"Watasema nimeirudisha. Na Githinji nitamwomba radhi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hajanikosea kitu."

Aliondoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mahali pake. Akalikumbatia kasha. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na alipofika mlangoni alilazimika kuliegemeza kwenye fremu apumue. Nje, majirani waliacha kuongea.

"Huyo fundi," Wamboi alisema nyuma yake. "Alisema nini juu ya redio yetu?"

"Alisema imekufa."

"Alijua habari ya hii mpya? Kabla ya kusema?"

"Nilimwambia. Nilimwomba adanganye. Alikataa."

"Alikataa, na anajua atakupoteza?"

"Ndiyo, mama."

Waithira alisikia kiti kikisukumwa, akasikia viatu vya mama yake sakafuni, kisha uzito wa kasha ukapungua ghafla mikononi mwake. Mama alikuwa ameshika upande wa pili.

"Inua. Ukiiangusha itabidi uolewe nayo."

Walipita katikati ya majirani, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakiitikia salamu bila kusimama. Jua lilikuwa linazama upande wa mashamba ya kahawa. Walitembea wakavuka bucha ya baba, iliyokuwa imefungwa, wakaingia ile njia ya maduka. Wamboi alikuwa akihema, lakini hakukubali wapumzike.

"Huko kwao huyo fundi," alisema hatimaye, akitazama mbele, "kuna maji?"

"Kuna mto. Alisema kiangazi hukauka."

Mama alitembea kidogo, akifikiria.

"Basi mtakaa Thika," alisema.